Kabla ya kununua projekta, tazameni matundu ya TV yenu



Huu ni wakati ambao ufuta uko maghalani, mikorosho inapuliziwa salfa, na vikundi vinakaa vikao vya mapato. Kwa hiyo swali nililoulizwa wiki iliyopita si dogo. Viongozi wa kikundi kimoja cha upande wa Nangurukuru walikuja ofisini Masoko wakitaka niwasaidie kuandika makisio ya kununua projekta. Kompyuta mpakato wanayo, wamepewa na ndugu yao aliyeko Dar es Salaam. TV wanayo, iko kwa mwenyekiti. Kilichopungua, kwa mawazo yao, ni projekta ya kuonyeshea hesabu mkutanoni, na walikuwa wameshakubaliana kuchangishana.

Niliwaambia wasinunue. Naandika sababu zangu hapa kwa kirefu kwa sababu najua si wao peke yao wenye wazo hilo.

Projekta inataka giza. Sisi tunakutana mchana, chini ya mwembe au kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, na jua la Kilwa mnalijua. Mtalazimika kuziba madirisha kwa khanga, na bado herufi zitaonekana kama zimeoshwa kwa maji ya chumvi. Taa yake ikiungua, mimi sijaiona ikiuzwa Masoko wala Kivinje. TV inaonekana mchana, fundi wake yupo, na haili umeme mwingi: TV bapa ya inchi 32 pamoja na kompyuta mpakato, kwa kikao cha saa mbili, hazimalizi hata nusu ya uniti moja ya LUKU. Mnachokosa ni adapta ya kuunganisha vitu viwili mlivyo navyo tayari. Nyingine ni ndogo kama kiberiti, na bei yake ni ya kilo chache za ufuta.

Lakini kwanza niwazuie hata kununua hiyo adapta. Kama haja yenu ni kuonyesha video ya upuliziaji au picha za ugonjwa tu, tazameni pembeni mwa TV. Nyingi za miaka hii zina tundu la flashi. Wekeni video kwenye flashi, ichomekeni, basi. Mimi picha za mikorosho huonyesha hivyo: kwenye simu watu arobaini hawawezi kutofautisha kidonda cha mbu wa mikorosho na ubwiri unga, ila picha ikiwa kubwa hata aliyekaa nyuma anaona ule unga mweupe kwenye maua. Kompyuta inahitajika pale mnapotaka kufungua hesabu, kuisogeza juu na chini, na kuisahihisha watu wakiwa wanatazama. Ndiyo kazi ninayoitetea leo.

Sasa geuza TV uitazame mgongoni, kisha utazame ubavu wa kompyuta.

Tundu bapa lenye kona mbili zilizokatwa kwa chini ni HDMI. Tundu pana lenye vishimo 15 katika mistari mitatu, na skrubu mbili za kukazia, mara nyingi likiwa na rangi ya bluu, ni VGA. Hilo ni la zamani, lilitoka na kompyuta za IBM mwaka 1987, lakini kompyuta nyingi za mtumba zinazotufikia bado zinalo. Matundu matatu ya duara, njano, nyeupe na nyekundu, ni AV: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti.

Ikiwa kompyuta ina HDMI na TV ina HDMI, huhitaji adapta. Nunua waya wa HDMI pande zote mbili. Picha na sauti vitapita humo humo. Ikiwa kompyuta ina VGA na TV nayo ina VGA, nunua waya wa VGA, ila kumbuka VGA haibebi sauti. Sauti utaipeleka kwa waya mwembamba kutoka tundu la hedifoni la kompyuta. Adapta inaingia pale matundu yanapotofautiana, na hapo ndipo fedha za watu zinapopotea.

Zangu zilipotea. Nilinunua dukani, sitataja lipi, waya ambao upande mmoja una VGA na upande wa pili una vichwa vitatu vya njano, nyeupe na nyekundu. Muuzaji aliniapia kwamba unafanya kazi kwa TV yoyote ya chogo. Nikafika kijijini, watu wamekaa, nikachomeka. Hakuna picha. Nikabadilisha TV, hakuna picha. Mzee mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama na ule ushauri wangu wa mbegu niliununua duka hilo hilo.

Waya haukuwa mbovu. Ni kwamba waya mtupu hauwezi kazi ile. VGA hutuma rangi nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye njia yake, na picha inatoka kwa mistari zaidi ya 31,000 kila sekunde. TV ya chogo hutaka rangi zote zimechanganywa kwenye njia moja, ile ya njano, na katika mfumo wa PAL tunaotumia Tanzania husoma mistari 15,625 kwa sekunde. Ni sawa na kumwaga debe mbili kwenye mashine ya kusaga iliyotengenezewa debe moja. Lazima pawe na kitu katikati cha kupokea, kuchanganya na kupunguza mwendo, na kitu hicho kina saketi ndani na kinakula umeme. Kwa hiyo ukiuziwa adapta ya kutoka VGA au HDMI kwenda AV, uliza inapata wapi umeme. Mara nyingi ina kijiwaya cha USB cha kuchomeka kwenye kompyuta au kwenye chaja ya simu. Kama ni waya mtupu usio na kiboksi wala njia ya umeme, mrudishie.

Jambo la pili ni mwelekeo. Adapta hizi si barabara ya Nangurukuru kwenda Masoko, ambayo gari hupita kwenda na kurudi. Zinapitisha upande mmoja. Kiboksi kimeandikwa "HDMI to AV" au "AV to HDMI", na viwili hivyo hufanana kama mapacha. Neno la kwanza ni mahali picha inapotoka, la mwisho ni mahali inapokwenda. Kompyuta ndiyo inayotoa, TV ndiyo inayopokea. Mwenye kompyuta yenye HDMI na TV ya chogo anataka kile kinachoanza na HDMI na kuishia na AV. Akichukua kingine amenunua jiwe.

Kwa sababu hiyo hiyo, wanaoniuliza kama wanaweza kuchomeka king'amuzi kwenye kompyuta mpakato ili waangalie mpira humo, jibu ni hapana. Tundu la HDMI la kompyuta mpakato za kawaida ni mlango wa kutokea tu. Vijana wa mabanda ya video wanalijua hilo kuliko maofisa wengi, na kama kijijini kwenu kuna banda, muulizeni mwenyewe kabla ya kunipigia mimi.

Wenye TV ya chogo, tafuteni kwenye kiboksi swichi ndogo iliyoandikwa PAL na NTSC. Iwekeni PAL. Ikiwa kwenye NTSC picha inaweza kukimbia juu chini au kutoka bila rangi, na watu wataanza kumlaumu fundi.

Ukishaunganisha, chukua rimoti ya TV, bonyeza kitufe cha "Source" au "Input", chagua tundu ulilochomeka. Kwenye kompyuta ya Windows shikilia kitufe chenye alama ya dirisha, kisha bonyeza P, uchague skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Kama pembe za picha zinakatwa, na jina la kwanza na jumla ya mwisho havionekani, ingia kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha ya TV. Usiogope kubonyeza, hapo hakuna kinachoharibika.

Herufi ziwe kubwa. TV ya chogo haikuumbwa kwa ajili ya kusoma. Jedwali la safu kumi na mbili litakuwa ukungu mtupu. Punguza safu zibaki nne au tano, kuza herufi, onyesha wanachama kumi kwa wakati mmoja. Kikao kitachukua muda, ndiyo, na kichukue.

Nije kwenye hilo ninalolitetea. Mnada wa ufuta na korosho siku hizi unaendeshwa kwenye kompyuta, stakabadhi za ghala zipo kisheria tangu 2005, lakini hesabu ya mwisho, ile ya nani alileta kilo ngapi, nini kimekatwa na nini kimebaki, katika vikundi vingi bado iko kwenye daftari moja, mkononi mwa mtu mmoja. Katibu anasoma kwa sauti, majina sabini, kilo, makato. Mwenye jina la kumi na nne anasikia kilo zake, na kabla hajakumbuka karatasi yake iko wapi wameshafika la ishirini. Mwisho wanauliza kama kuna mwenye swali. Nani ataanza?

Kikao cha kwanza tulichoweka hesabu kwenye TV, mama mmoja alisimama tukiwa bado ukurasa wa pili. "Bwana shamba, samahani. Hizo kilo hapo si zangu." Skrini ilionyesha 124. Karatasi yake ya mizani, aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la khanga, ilisema 142. Tarakimu mbili zilikuwa zimepishana wakati wa kunakili. Ni kilo 18, na kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo hizo ni shilingi 54,000. Katibu hakuwa mwizi. Alikuwa amechoka, ameandika usiku kwa tochi ya simu. Alisahihisha pale pale, na jumla ya chini ikabadilika mbele ya macho ya wote. Baada ya hapo watu wengine watano walitoa karatasi zao mifukoni wakaanza kulinganisha. Wanne walikuta ziko sawa. Yule wa tano tulimwandikia aende ghalani.

Kwa daftari, kosa lile lingekuwa limelala kimya mpaka leo.

Wapo wanaonipinga, na hoja yao moja nzito siwezi kuipita. Mzee mmoja aliniambia: "Mwanangu, ukiweka pato langu kwenye TV, jioni wadeni wote wako mlangoni kwangu." Ana haki. Kipato cha mtu si tangazo la mbao. Ndiyo maana sasa nashauri mtumie namba ya mwanachama badala ya jina, mwonyeshe kilo na viwango vya makato, na safu za namba za simu na akaunti za benki zifichwe kabisa kabla kompyuta haijaunganishwa. Fedha anayopokea kila mtu apewe kwenye karatasi yake. Katika kijiji kidogo watu watakisia tu, sikatai, lakini kukisia si sawa na kusoma. Ila makatibu wanaosema kwamba wanachama "hawataelewa" wasinitafutie maneno. Wanachama wanaijua mizani kuliko mimi. Kwa wasiosoma, kijana asome namba kwa sauti huku akiigusa kwenye skrini kwa kijiti.

Tahadhari mbili ndogo. Unganisheni vyote vikiwa vimezimwa, hasa kama mnatumia jenereta, maana inaponguruma na kupungua TV ndiyo inayoumia. Na sisi wa pwani tuna upepo wa chumvi: pini za adapta zinashika kutu zikiachwa dirishani. Ziwekeni kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko.

Kikundi kile cha Nangurukuru kimeahirisha mchango. Kompyuta yao ina HDMI na TV ya mwenyekiti ni ya chogo, kwa hiyo nimewaazima kiboksi changu wakakijaribu kabla ya kununua chao. Wengine wanaotaka kukijaribu waje ofisini siku za kazi, asubuhi. Kirudi na kijiwaya chake cha umeme, tafadhali. Mara ya mwisho kilirudi bila.