Mtoto wa Berlin Asiyejua Kijerumani

Riwaya ya John Boyne, The Boy in the Striped Pyjamas, ilitoka mwaka 2006, na tangu hapo imemwagiwa sifa ambazo waandishi wengi hawazipati hata baada ya kufa. Mwaka 2008 ilitengenezewa filamu, na mwaka 2022 mwandishi akaifuatishia riwaya nyingine. Walimu wengi humkabidhi kitabu hiki kijana yeyote anayeuliza habari za Maangamizi ya Wayahudi. Nimekisoma mara mbili, mara ya pili kwa kalamu mkononi, kama nilivyokuwa nikiwaagiza wanachuo wangu wa ualimu. Ni kitabu kibovu, na ubovu wake umeanzia kwenye lugha.

Kisa chenyewe ni chepesi. Bruno, mtoto wa miaka tisa, anahamishwa kutoka Berlin kwa kuwa baba yake ameteuliwa kuwa mkuu wa kambi. Anatembea kando ya ua wa waya, anamkuta Shmuel, Myahudi wa kutoka Krakow aliyezaliwa siku moja naye, wakawa marafiki. Mwisho Bruno anavaa mavazi ya wafungwa, anapenya chini ya waya, na watoto wote wawili wanauawa kwa gesi.

Sasa tuitazame lugha. Bruno hawezi kutamka jina la mahali alipohamia. Husema "Out-With". Naye Hitler, ambaye kila Mjerumani alimwita "Führer", kwa Bruno ni "Fury". Msomaji wa Kiingereza anaelewa mara moja: "toka nje", "ghadhabu". Anatabasamu kwa huzuni, anaona mwandishi ni fundi. Lakini Bruno ni Mjerumani! Nyumbani kwao husemwa Kijerumani. Katika lugha hiyo ghadhabu ni "Wut" au "Zorn", nayo hayakaribiani na "Führer" hata kwa kulazimisha. Silabi ya kwanza ya Auschwitz ingeweza kuokolewa, maana Wajerumani wanalo neno "aus" lenye maana ya "nje". Ila hiyo "with" haina pa kushika, kwa kuwa wao husema "mit". Tena kosa si la Bruno peke yake. Dada yake, Gretel, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye anayemfafanulia jina hilo, akidhani lina maana ya kuwatoa nje waliokaa pale kabla yao.

Irabu ile ya "Führer" huwatatiza Waingereza kwa sababu hawanayo. Mtoto wa Berlin huinyonya na maziwa ya mama. Ni sawa na mtu aandike riwaya juu ya mtoto wa Makunduchi, kisha amfanye ashindwe kusema "ng'ombe". Sisi tungekifunga kitabu ukurasa uleule. Tena "Führer" si jina geni. Maana yake ni kiongozi tu, na katika miaka ile lilikuwa shuleni, redioni na mabarabarani. Mtoto wa ofisa mkubwa wa jeshi la chama, aliyewahi kumpokea Hitler mezani kwao, halijui?

Wapo watakaosema nachambua chawa. Mwandishi mwenyewe ameiita kazi yake ngano, na katika ngano sungura husema. Kweli, sungura husema. Lakini msimulizi wa ngano hukutoa kwanza kwenye ulimwengu huu, akakupeleka hapo zamani za kale, na nyote wawili mkakubaliana. Boyne hakututoa popote. Amekopa uzito wote wa Auschwitz, mahali walipouawa watu wapatao milioni 1.1, kisha anapodaiwa ukweli wa mahali hapo anajikinga kwa neno ngano. Ua wa kambi ile ulipitishwa umeme na kulindwa kwa bunduki. Watoto wapatao 232,000 walipelekwa pale, na wengi mno waliuawa siku ileile waliyoshushwa kwenye treni. Nafasi ya kukaa mwaka mzima ukizungumza na rafiki wa ng'ambo ya waya haikuwapo. Januari 2020 Makumbusho ya Auschwitz yenyewe yalitamka kwamba kitabu hiki kiepukwe na yeyote anayesoma au kufundisha historia hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba lugha, pale kambini, ilikuwa suala la uhai na mauti. Primo Levi, mkemia wa Kiitalia aliyenusurika Auschwitz, ameeleza jinsi Waitaliano wenzake walivyokufa haraka kwa kutoelewa amri zilizopigwa kelele kwa Kijerumani. Asiyefahamu neno alipigwa. Kwa wakubwa wa kambi, asiyejua lugha yao hakuwa mtu. Na Wanazi walikuwa mafundi wa kuvalisha maneno: mauaji waliyaita "Sonderbehandlung", yaani kushughulikiwa kwa namna maalumu. Mtoto anayesikia neno kama hilo likisemwa kwa upole mezani kwa baba yake, hapo palikuwa na riwaya. Boyne amepaacha, akatuletea mchezo wa maneno usiowezekana katika lugha ya mhusika wake.

Wala si kweli kwamba kijana hawezi kuandikiwa jambo hili bila kudanganywa. Hans Peter Richter, Mjerumani, alitoa riwaya yake ya Friedrich mwaka 1961. Msimulizi wake ni mtoto vilevile, na sentensi zake ni fupi. Lakini mtoto huyo anaona, anasikia, na siku mali za Wayahudi zinapovunjwa anashika nyundo na yeye. Baadaye Friedrich, rafiki yake, anafukuzwa kwenye handaki la kujikinga na mabomu.

Bruno hafanyi wala haelewi lolote, kisha tunatakiwa tumlilie. Baada ya kifo chake kitabu kinabaki na mama yake, dada yake na baba yake mkuu wa kambi, anayegundua mahali waya ulipoinuka. Majonzi yote ni ya nyumba ile. Mtoto wa mkuu wa kambi ameuawa kwa makosa, nasi tunalia kwa sababu ya hayo makosa, kana kwamba wengine wote mle ndani waliingizwa kwa usahihi. Shmuel alikuwa na baba fundi saa, mama mwalimu, na safari ya treni iliyosongamana asiyepata nafasi ya kuisimulia vizuri, kwa kuwa kila alipoanza Bruno alimkatiza kumweleza kwamba treni ya kwao ilikuwa na nafasi tele.