Mtaa Unawajua

Jioni ya Januari 2, 2015, jiji la Dar es Salaam lilishikwa na hofu ambayo wakazi wake wengi hawajaisahau. Habari zilienea kwamba vijana wa kundi lililojulikana kwa jina la "Panya Road", waliokuwa wametoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi, wanapita mitaani wakipora na kujeruhi. Maduka yalifungwa na watu wakakimbilia majumbani. Katika siku zilizofuata polisi walikamata vijana kwa mamia. Septemba 2022 balaa likarudi: wenye mapanga walivamia nyumba za watu usiku huko Kawe, wakamwua mwanafunzi wa chuo kikuu. Haukupita muda mrefu, watuhumiwa sita wakauawa na polisi.

Kati ya matukio hayo ilipita miaka saba. Huo ni muda wa mtoto kuanza darasa la kwanza na kumaliza la saba. Kijana wa miaka 15 mwaka 2022 alikuwa na miaka 8 tu mamia wale walipokamatwa. Ni dhahiri basi kwamba kinachokamatwa kila mara ni zao la msimu, na shamba linabaki palepale.

Wapo wanaosema kwamba chanzo ni umaskini, kisha wakanyamaza kana kwamba wamekwisha kujibu. Lakini wanaosukuma mikokoteni Kariakoo ni maskini. Wanaobeba zege katika majengo ya ghorofa ni maskini pia, na usiku wanalala wamechoka. Kusema kwamba umaskini ndio unaoshika panga ni kuwatukana vijana hao walio wengi.

Liko pengo ambalo halitazamwi vya kutosha. Ada ya shule za serikali ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, wapo wanaoacha shule njiani na wapo wanaoshindwa kuendelea. Mvulana wa namna hiyo ana miaka 14. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 yeye ni mtoto hadi atimize miaka 18. Mikopo ya vijana inayotolewa na halmashauri haimhusu kabla ya umri huo, na hapana mwajiri wa maana atakayemtaka. Kwa miaka minne hana mwalimu, hana bosi, hana hata mtu wa kumwuliza alikuwa wapi jana. Kundi la kijiweni ndilo pekee linalompokea siku hiyo hiyo, bila fomu wala picha mbili.

Tena mvulana huyo hajifunzi kupiga kijiweni. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu vijana watatu katika kila wanne walikuwa wamepigwa ngumi, mateke, viboko au kuumizwa vinginevyo kabla ya kufikisha miaka 18, mara nyingi na ndugu zao au walimu. Aliyefundishwa kwa miaka kumi kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, ameelewa somo vizuri. Wananchi wanaomchoma moto kijana aliyeiba simu wanalirudia somo hilo hilo mbele ya watoto waliosimama kutazama. Isisahauliwe kwamba hofu ya mwaka 2015 ilianzia kwenye maziko ya mtu aliyeuawa na umati.

Jambo jingine halisemwi kwa sababu linawagusa watu wazima. Televisheni iliyoporwa usiku haibaki mikononi mwa mvulana wa miaka 15. Asubuhi iko dukani au sebuleni kwa mtu mwenye familia na heshima zake, aliyeinunua kwa bei ya kutupa bila kudai risiti. Mnunuzi huyo ndiye mwajiri wa kweli wa mwenye panga. Kumkamata kijana na kumwacha yeye ni kufukuza nzi huku mzoga umeachwa.

Misako inahitajika pale damu inapomwagika. Mwananchi aliyevamiwa ana haki ya kulindwa usiku huo huo. Lakini historia inafundisha mipaka yake. Chini ya Sheria ya Nguvukazi ya 1983, watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikusanywa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi, kwa sababu kilichowaleta mjini kilikuwa hakijaguswa.

Kijana wa panga hatoki mbinguni. Analala katika nyumba yenye namba, na mama yake anaona viatu vipya asivyovinunua. Baba anayepokea fedha za matumizi kutoka kwa mtoto asiye na kazi, na hamwulizi amezitoa wapi, amekwisha kuchagua upande. Enzi ambazo balozi wa nyumba kumi alijua mgeni aliyelala kwa jirani, kijana asingeweza kupotea wiki nzima bila mtu kuuliza. Siku hizi ni geti na ukuta, na kila mtu na lake.

Kila shule ina orodha ya watoto wake. Januari shule zinapofunguliwa, mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii waidai orodha hiyo, wawatafute mmoja mmoja wasiorudi, na kuhakikisha kwamba fundi seremala, gereji au chuo cha ufundi kimewapokea kabla kijiwe hakijawawahi. Mkutano wa mtaa unaofuata usikie majibu: wangapi hawakurudi shule, na wako wapi.