Zawadi ya Idd itoke mikononi mwa mtoto, isipelekwe stendi



 Ndugu wazazi, walimu wetu, na nyinyi wanafunzi ambao jarida hili ni lenu, ninalo jambo moja ninalotaka tulizungumze bila kuoneana haya, nalo ni kazi za mikono katika madrasa.

Kila wazazi wanapokaa kuzungumzia upungufu wa mabati na misahafu, hakosi mmoja wa kusema kuwa watoto wafundishwe kutengeneza vitu vidogo vidogo, bangili, tasbihi, vikapu na kofia, halafu viuzwe, na fedha iingie katika mfuko wa madrasa. Wazo hili lina nusu mbili. Nusu ya kwanza, ya kufundisha, naiunga mkono kwa mikono yote miwili. Nusu ya pili, ya watoto kuuza, naipinga, na nitaeleza sababu zangu.

Tuanze na hiyo nusu njema. Sisi watu wa Dumila na Kilosa kwa jumla hatuna udhuru wa kusema hatuna vifaa. Wilaya yetu ni ya mkonge. Zao hili lililetwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu ya mkonge huo ilitoka katika mashamba ya kwetu, kama yale ya Kimamba na Rudewa. Wazee wetu wengi walikata majani hayo kwa vibarua. Lakini ni watoto wangapi leo wanaojua kuisokota katani ikawa kamba, au kuisuka nyuzi tatu tatu ikawa kishikio cha funguo cha kumpa baba? Ni kazi ya alasiri moja, na haihitaji mashine wala umeme.

Pembezoni mwa mito upo ukindu. Bibi zetu walianika machipukizi yake juani, wakayachana kuwa miyaa membamba, wakayachemsha na rangi, kisha wakasuka ukili mrefu na kuushona ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka, mswala au kawa la kufunikia futari. Mkeka mzima si kazi ya mtoto, tusidanganyane. Ila ukili wa urefu wa dhiraa moja ataumudu, na ukiviringishwa na kushonwa unakuwa kitako cha kuwekea chungu au birika la chai. Angalizo langu ni moja: ukindu ukatwe na watu wazima, na mti uachiwe chipukizi lake la katikati ili usife. Watoto wasitumwe mtoni, hasa nyakati za mvua. Waliokuwepo Januari 2014, mafuriko yalipokata barabara ya Morogoro na Dodoma pale kwenye daraja la mto Mkundi, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa mafundi cherehani kuna vipande vya vitenge ambavyo jioni hufagiliwa na kuchomwa moto. Kata pete ya upana wa vidole viwili kutoka katika chupa ya maji ya plastiki, zungushia utepe wa kitenge uliopakwa gundi, bana mwisho wake kwa sindano na uzi, na dada yako amepata bangili. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara (Zanzibar walitangulia mwaka 2006), tumezoea tena kubeba vikapu, lakini chupa bado zimejaa mitaroni. Basi tuzitumie.

Hata ndara kuukuu ina kazi. Huko Kiunga, kaskazini ya Lamu karibu na mpaka wa Somalia, bahari huleta ufukweni ndara kutoka nchi za mbali, na miaka ya mwishoni mwa 1990 watu wa pale walianza kuziokota na kuzichonga kuwa vidude vya kuchezea. Leo kazi hiyo ina karakana yake Nairobi na vitu vyake huuzwa ng'ambo. Wao huchonga zaidi wanyama. Sisi katika madrasa, kwa kuchunga yale wanazuoni waliyoyasema kuhusu sanamu, tunaweza kuchonga mwezi, nyota, jahazi au ua. Na tena soli ya ndara ni muhuri mzuri mno: chonga nyota, chovya katika rangi, gonga juu ya karatasi ngumu, na umepata kadi ya Idd ambayo hakuna duka lolote lenye nyingine mfano wake.

Sasa nije kwenye shanga za karatasi, ambazo nazipenda kuliko vyote hivi. Unakata karatasi za rangi, za kalenda iliyopita au gazeti, ziwe pembetatu ndefu, kitako kiwe upana wa kidole gumba na urefu uwe kama wa rula. Unaanzia upande mpana, unaviringisha juu ya kijiti cha ufagio wa chelewa, unapaka gundi kadiri unavyokwenda, na ncha ile nyembamba inamalizikia katikati ya ushanga. Unauchomoa, unauacha ukauke vizuri, kisha unaupaka vanishi. Ukiwa nazo 33 na uzi imara, umepata tasbihi. Ukitaka ya 99, weka ushanga mkubwa zaidi baada ya kila 33 ili mkono ujue ulipofika hata gizani.

Hapa ndugu zangu tuwe waangalifu sana. Kalenda nyingi majumbani mwetu zimeandikwa aya, na majarida kama hili tulilolishika yamejaa majina ya Allah (S.W.) na ya Mitume. Karatasi hizo haziviringishwi kuwa hereni. Kabla mtoto hajashika mkasi, mwalimu azikague karatasi moja moja, na zenye maandishi hayo ziwekwe pembeni zihifadhiwe kwa heshima inayostahili. Angalizo la pili linahusu mbegu. Wapo wanaopenda kutunga zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zinazoitwa tipitipi kwa jina la mmea wake. Zinapendeza macho, lakini ndani yake mna sumu kali yenye kuua, na kuzitoboa au kuzitafuna ni hatari kubwa. Zisiingie kabisa katika darasa lenye watoto.

Wenye kutaka biashara hapa watasema, "Si unaona? Vitu ni vizuri, basi viuzwe!" Watanitajia wanawake wa Uganda. Naam, kisa chao ni cha kweli. Katika mtaa wa Acholi Quarter, huko Kireka, Kampala, waliishi wanawake waliokimbia vita vya kaskazini, wakiponda kokoto kwenye machimbo kwa ujira mdogo. Walijifunza shanga hizi za karatasi, na mwaka 2004 likaanzishwa shirika la BeadForLife lililowatafutia wanunuzi Marekani, na wengi wao wakapata fedha ya chakula na ada za watoto. Lakini tazameni vizuri: waliouza ni mama zao, na watoto wakaenda shule. Watanitajia pia Nabii Daudi (A.S.), aliyekula kutokana na kazi ya mkono wake. Nakubali, na ni heshima kubwa kwa kila fundi. Ila Nabii Daudi hakuwa mtoto wa miaka tisa anayekimbizana na basi la Dodoma.

Maana hapo ndipo tutakapofikia, tusijifiche. Kwetu Dumila soko la haraka ni stendi na barabara kuu. Basi likisimama, wauzaji wa nyanya, vitunguu na mahindi ya kuchoma hulizingira, wakanyoosha mikono madirishani, na dereva akiondoa gari wanakimbia nalo wakidai chenji. Tukishawapa watoto bangili 50 na kuwaambia madrasa inahitaji mabati, nani atawazuia wasiende huko? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi ya ujira, nayo iwe kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Wengi wa wanafunzi wetu hawajafika umri huo. Mabati ni jukumu letu sisi wenye ndevu na wenye mitandio. Kama mama wa mtaa huu wanataka kuunda kikundi, wasuke, washone na wauze sokoni, mimi nitakuwa wa kwanza kununua, na faida wakiitoa sadaka kwa madrasa Allah awalipe.

Ninayo sababu nyingine, nayo naiona ni kubwa zaidi kuliko ya barabara. Mtoto anayetengeneza kwa ajili ya kuuza hujifunza kufanya upesi na kufananisha. Bangili ya kwanza na ya ishirini ziwe sawa, na kasoro aifiche. Mtoto anayetengeneza kwa ajili ya mtu fulani hujifunza kumtazama mtu huyo. Anataka kumshonea babu kofia? Itabidi ampime kichwa, na katika kumpima atagundua kuwa babu hapendi kofia inayoshuka masikioni. Anataka kumtungia shangazi tasbihi? Atagundua kuwa vidole vyake vinauma, kwa hiyo shanga ziwe kubwa. Wanawake wa Zanzibar na Lamu wanaodarizi kofia kwa mkono, vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, huchukua wiki nyingi kwa kofia moja. Wapo wanaouza, lakini wengi walianza kwa kumshonea mume au mchumba. Mshono hukazwa vizuri zaidi unapojua ni kichwa cha nani.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kupeana zawadi na akatufundisha tusiidharau hata iliyo ndogo kabisa. Na yupo mama yetu Zaynab bint Jahsh (R.A.). Imepokewa kuwa Mtume aliwaambia wakeze kuwa atakayemfuata mwanzo baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wanapimana mikono. Baadaye, Zaynab alipotangulia kufariki, wakafahamu kuwa urefu uliokusudiwa ulikuwa wa kutoa, kwani yeye alikuwa akitengeneza ngozi na kushona kwa mkono wake, na kile alichokipata akikitoa sadaka. Sijui mfano gani mwingine unaofaa zaidi kufundishia darasa la kazi za mikono.

Upo upinzani wa aina mbili ambao nauheshimu. Mmoja unasema muda wa madrasa ni mchache, na mtoto amekuja kusoma Qur'ani si kushona. Ni kweli, na mimi siombi dakika hata moja ya Qur'ani. Naomba saa moja ya Jumamosi, baada ya darasa, kwa mwezi wa Shaaban na wiki za mwanzo za Ramadhani, ili vitu viwe tayari kabla ya Idd. Saa hiyo kwa kawaida watoto wetu tayari wanaipoteza kwenye vibanda vya video.

Wa pili ni wa wavulana, ambao wanaona kushona ni kazi ya kike. Hao nawauliza: cherehani zote zile barazani pale sokoni, wanaozikanyaga ni akina nani? Kijana achukue spoku ya baiskeli iliyokatwa, aikunje ncha kidogo na kuisugua kwenye jiwe mpaka ilainike, anayo sindano ya kufumia kofia. Bangili na hereni atawaachia dada zake kuzivaa, lakini kumtengenezea mama yake bangili hakuna aliyemkataza.

Na umasikini? Wapo watakaosema nazungumza mambo ya zawadi wakati nyumba nyingine hazina sukari. Ndiyo maana nayazungumza. Siku ya Idd mzazi asiye na kitu hudhalilika mbele ya watoto wake kwa sababu tumewafundisha kuwa zawadi ni kile kilichofungwa katika nailoni dukani. Vidude hivyo vya plastiki huvunjika kabla ya Idd pili, na fedha imekwenda. Mtoto aliyezoea kupokea na kutoa kitu cha mkono hataona kuwa baba yake ameshindwa.

Basi pendekezo langu kwa kamati ni hili. Mwaka huu kila mwanafunzi atengeneze kitu kimoja tu, kwa mtu mmoja anayemtaja mwanzoni kabla hajashika uzi, na mtu huyo asiwe mwalimu wala mfadhili. Awe ndugu, jirani, au mgonjwa. Hakuna maonyesho, hakuna mnada, na hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Vifaa vya pamoja ni mikasi butu, gundi ya unga wa muhogo, sindano na nyuzi, na mama mmoja anayejua ukindu aalikwe aje kufundisha, na alipwe nauli yake na zaidi. Siku ya kwanza mtoto asije na pesa. Aje na kipande cha kitenge, karatasi zilizokaguliwa nyumbani, na kamba fupi yenye fundo mahali kipimo kilipoishia, kiwe cha kichwa, cha mkono au cha kiganja cha yule aliyemkusudia.