Ubunifu wa Afya Upimwe Kwenye Zahanati ya Mwisho

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Mkoa wa Singida una watu 2,008,058, na Zanzibar, yaani Unguja na Pemba pamoja, ina watu 1,889,773. Kwa idadi ya watu, basi, mkoa huu wa katikati ya nchi na Visiwani ni kama ndugu wa tumbo moja. Kinachowatenganisha ni ardhi. Zanzibar yote ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,500, ambapo Singida ina zaidi ya 49,000. Katika kila kilomita ya mraba Visiwani wanaishi watu zaidi ya 700. Singida wanaishi 40 hivi. Yeyote anayetaka kuelewa neno linalovuma siku hizi, yaani afya ya kidijitali, hana budi kuanza na tarakimu hizo mbili, maana ndizo zinazoamua ni chombo gani kitafaa, mahali gani, na kwa gharama ya nani.

Neno hilo sasa limo midomoni mwa wengi. Mawaziri wanalitaja katika hotuba, wafadhili wanalitolea fedha, na vijana wenye makampuni machanga wanalishindania tuzo. Hatuna sababu ya kuwabeza. Mcheza kwao hutunzwa, na wapo Watanzania ambao kazi yao katika uwanja huu inastahili kutunzwa. Lakini gazeti haliwi na faida kwa wasomaji wake kama litashangilia tu. Swali letu ni moja: kati ya hayo yote yanayobuniwa, ni yapi yanayomfikia mama mjamzito wa kijiji cha mwisho, na yapi yatakayobaki yakifanya kazi baada ya mradi kufungwa na wageni kwenda zao?

Taifa hili limewahi kujibu swali hilo. Katika mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo chake kilikuwa redio, ambayo kwa siku zile ilikuwa teknolojia mpya kwa vijiji vingi. Watu karibu 2,000,000 walishiriki, na vyoo vilichimbwa kwa wingi usiowahi kuonekana kabla ya hapo. Hata hivyo redio peke yake isingechimba shimo hata moja. Wananchi walikusanyika katika vikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa mapema, aliyesikiliza pamoja na wenziwe, akawauliza wametambua nini, kisha akawaongoza kwenda kutenda. Sauti ilitoka Dar es Salaam, na kazi ilifanyika kijijini chini ya mtu anayejulikana kwa jina.

Fundisho hilo halijachakaa. Katika miaka ya 2009 na 2010 lilifanyika jaribio katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, likihusisha vituo vya afya 129. Kila Alhamisi mhudumu alitumiwa ujumbe katika simu yake ya kawaida akiombwa ahesabu dawa za malaria zilizopo na kujibu. Aliyejibu kwa wakati aliongezewa salio. Jaribio lilipoanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa aina moja au zaidi ya dawa hizo. Baada ya wiki 21 vilibaki 26. Simu haikutengeneza dawa. Ilimwezesha ofisa wa wilaya kuona upungufu mapema, naye akaihamisha dawa kutoka palipojaa kwenda palipopungua. Ofisa huyo angalipuuza ujumbe ule, jaribio lote lingalikuwa mchezo wa kutumiana salamu.

Mfano mwingine unatoka kwa majirani wa Singida wenyewe. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa katika mwaka 1996 huko Igunga, ng'ambo tu ya mteremko wa Sekenke. Kwa miaka mingi mfuko huo ulisumbuliwa na kadi zilizopotea, majina yaliyorudiwa na fedha zisizofuatilika. Ndipo katika mwaka 2012, mkoani Dodoma, kwa ushirikiano na Uswisi, ukaanzishwa mfumo wa kuandikisha wanachama kwa simu: mwandikishaji anakwenda nyumbani kwa mwananchi, anampiga picha, anampa kadi yenye namba, na taarifa zinakwenda katika hazina moja ya kumbukumbu. Kutokana na kazi hiyo umezaliwa mfumo uitwao openIMIS, ambao umetumika hata Nepal na Cameroon. Ni jambo la fahari kwamba kilichopandwa katika nyika za kati ya nchi yetu kimevunwa penye milima ya Himalaya. Hata hivyo fahari hiyo haitoshi. Mkulima wa alizeti wa Ikungi aliyelipa mchango wake wa kaya, akafika zahanati na kuambiwa hakuna dawa, hatajali kadi yake ni ya karatasi au ya kompyuta. Mfumo mzuri wa kuandikisha huongeza imani palipo na huduma. Pasipo na huduma huharakisha tu kukata tamaa.

Visiwani nako kuna la kujifunza, na tunalisema bila ya kuwapaka watu mafuta. Zanzibar ilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya katikati ya miaka ya 2000, kabla ya Bara, ambako mfumo wa DHIS2 ulienea nchi nzima katika mwaka 2013. Kisha ukaja mpango wa Jamii ni Afya, uliokua kutokana na jaribio dogo la kuwasaidia akina mama wajifungulie hospitali. Ulianzishwa na Wizara ya Afya ya Zanzibar katika mwaka 2019 pamoja na shirika la D-tree, na kufikia 2021 ulikuwa umefika wilaya zote 11. Wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000, wanaotoka katika shehia wanazozitumikia, wanatembelea kaya wakiwa na simu inayowaongoza cha kuuliza, dalili za hatari za kutazama, na wakati wa kumpeleka mama au mtoto kituoni. Siri ya kuenea kwake, kwa maoni yetu, ni mambo matatu: Wizara iliuchukua uwe wake, ukawekwa mfumo mmoja kwa wote, na mhudumu akawa mtu wa mtaani ambaye mlango hufunguliwa akibisha hodi.

Msomaji wa Visiwani huenda akauliza mambo ya Singida yanamhusu nini. Yanamhusu sana, maana kisiwa si lazima kizungukwe na bahari. Mtu wa Kojani au Tumbatu anajua maana ya kuuguliwa usiku na chombo hakipo. Mtu wa Rungwa, kusini kabisa mwa Itigi, anajua maana hiyo hiyo: hospitali iko mbali kwa zaidi ya kilomita 100, na katikati ni pori. Mvua zinapokatiza njia za Mkalama, kijiji hugeuka kisiwa cha nchi kavu. Wahadzabe wa huko, pamoja na wafugaji wanaohama na mifugo yao, hawamo kwa urahisi katika rejista yoyote, iwe ya wino au ya umeme. Kwa watu kama hao, hospitali za Makiungu, Iambi na Itigi, ambazo madhehebu ya dini yalizijenga, zimekuwa kimbilio kwa miaka mingi. Chombo chochote kipya lazima kiungane na vituo hivyo, kwani mgonjwa haulizi mwenye jengo ni nani.

Hapo ndipo mpango wa m-mama unapoonyesha thamani yake. Ulijaribiwa kwanza Sengerema kwa msaada wa Vodafone Foundation, ukaendelea Shinyanga, na mwezi Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua, mjini Dodoma, upanuzi wake kwa nchi nzima. Leo umo katika mikoa yote ya Bara, Singida ikiwamo, na umo Zanzibar. Namba ni 115, nayo hailipiwi. Anayepokea simu hupima uzito wa hatari, huita gari la wagonjwa, na gari likiwa mbali humwita dereva wa kawaida wa eneo lile aliyekwisha andikishwa, ambaye hulipwa kupitia simu. Ubunifu hapa ni wa kutambua kwamba kijiji kisicho na gari la wagonjwa chaweza kuwa na mwenye teksi. Takwimu za taifa zinasema vifo vya uzazi vilikuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Upungufu huo ulipimwa kabla m-mama haujaenea kote, nao una sababu nyingi: vituo vipya, vyumba vya upasuaji, wakunga. Asitokee mtu wa kuupa programu ya simu sifa ya kazi ya wakunga.

Wapo pia wajasiriamali. Lilian Makoi alianzisha Jamii Africa ili mwenye kipato kidogo aweze kununua bima ya afya kwa simu. Ally Salim na Megan Allen, kupitia kampuni ya Inspired Ideas, wametengeneza Elsa, programu inayotumia akili mnemba kumsaidia mhudumu kutafakari dalili za mgonjwa. Watu wa namna hii wana uthubutu, na Serikali inawahitaji. Lakini soko lina tabia yake: huenda penye wateja wengi, penye umeme na mtandao imara. Mfanyabiashara akitazama watu 40 kwa kilomita ya mraba, hesabu yake itamrudisha Dar es Salaam. Hilo si kosa lake. Ni wajibu wa Serikali kusema bayana kwamba anayetaka kuuza chombo chake kwa hospitali za umma atakijaribu pia katika zahanati ya mbali, ambako umeme ni wa jua na mhudumu yuko peke yake zamu nzima.

Mhudumu huyo tumtazame kwa makini. Anazalisha, anachanja, anagawa dawa, na jioni anajaza vitabu vya MTUHA. Mfumo mpya unapoletwa bila ya kufuta wa zamani, anaandika kitabuni kisha anaandika tena kwenye kishikwambi. Mradi mwingine ukija na kishikwambi chake, anaandika mara ya tatu. Bara imewahi kuwa na mifumo ya afya zaidi ya 100, mingi isiyozungumza na mwenziwe. Mkakati wa Taifa wa Afya ya Kidijitali wa 2019 hadi 2024 ulilenga kuiunganisha, na mfumo wa hospitali wa GoT-HoMIS ulio chini ya TAMISEMI ulikuwa hatua ya maana. Lakini kipimo cha kuungana hakiko katika waraka. Kipimo ni idadi ya mara ambazo muuguzi mmoja analazimika kuandika jina la mgonjwa mmoja.

Liko suala la fedha. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Mipango mingi ya afya barani Afrika ilitikisika, na ile ya mifumo ya kompyuta haikusalimika. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wahenga hawakuhitaji kompyuta kulijua hilo. Halmashauri inayopokea vishikwambi 50 bila ya kutenga shilingi za bando, betri na matengenezo imepokea mzigo uliofungwa kwa karatasi ya zawadi. Tena mhudumu wa jamii hawezi kuombwa ajitolee maisha yake yote. Bara ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwa na wahudumu wa jamii 137,294 kwa muda wa miaka mitano. Wakilipwa kwa wakati, simu mikononi mwao itakuwa silaha. Wasipolipwa, itakuwa ya kusikilizia muziki.

Mwisho, iko siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa upande wa Zanzibar inahusu mambo ya Muungano, na afya si jambo la Muungano; hivyo viongozi wa Visiwani wana wajibu wa pekee wa kuhakikisha kwamba aliyoyasema mama wa Wete mbele ya mhudumu hayauzwi wala hayasambai mitaani. Katika shehia au kijiji ambako kila mtu anamjua mwenziwe, siri ikivuja mara moja, milango itafungwa, na hakuna programu itakayoifungua tena.

Tunapendekeza, kwa hiyo, mambo manne. Wizara zote mbili za afya zisikubali chombo kipya mpaka mwenye nacho aonyeshe ni daftari gani kitaliondoa. Kila halmashauri iweke katika bajeti yake fungu la kuendesha mifumo, lisiloguswa kwa posho. Maofisa wa Singida waende Visiwani kuona jinsi mfumo mmoja ulivyofikishwa kila shehia, na wale wa Visiwani waende Mkalama na Itigi kuona jinsi umbali unavyoubana mpango mzuri. Wote watarudi na akili mpya. Na kila mwaka wananchi watangaziwe, kwa kila wilaya, ni simu ngapi za 115 zilipigwa, ngapi zilijibiwa, na mgonjwa alifika hospitali baada ya saa ngapi.

Viongozi na wabunifu wanaoitafuta heshima katika jambo hili wataipata Rungwa na Kojani, siku muuguzi wa huko atakapofunga kitabu chake cha zamani kwa sababu hakihitaji tena, na siku mama atakapopiga namba ile usiku wa mvua akaona taa za gari zinakuja.