Jiwe linavuka mpaka, elimu yake inabaki ng'ambo

Siku moja mjini Gisenyi nilisimama pembeni nikimtazama mchimbaji akiuza koltani yake. Mnunuzi alitoa kifaa kinachofanana na bunduki, akakielekeza kwenye mfuko, akasubiri sekunde chache, kisha akasema: "Ishirini na tano."

"Mzee, mbona kule juu waliniambia thelathini?" mchimbaji akauliza.

"Mashine haidanganyi, kijana."

Mazungumzo yakaishia hapo, fedha zikahesabiwa.

Tofauti hiyo si ndogo. Koltani hulipwa kwa kiasi cha tantali kilichomo. Katika mfuko wa kilo 50, asilimia 30 ni kilo 15 za oksidi ya tantali. Asilimia 25 ni kilo 12 na nusu. Yaani kilo mbili na nusu ziliyeyuka kwa neno la mashine ambayo muuzaji haielewi.

Bunduki ile hupiga madini kwa mionzi ya eksirei. Atomu zikipigwa hutoa mionzi yao zenyewe, na kila elementi ina mionzi yake, kama kila mtu alivyo na sauti yake. Kifaa husikiliza sauti hizo na kuhesabu. Lakini huona tabaka jembamba la juu tu. Mchanga uliolowa, chembe zisizosagwa, au kifaa kisichorekebishwa kwa sampuli inayojulikana, vyote hupotosha jibu.

Wenzetu wa ng'ambo wameipeleka mionzi hiyo hiyo mbali zaidi. Mwaka 1948 Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alieleza namna ya kunasa picha yenye kina, iitwayo holografia, na mwaka 1971 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1996 wanasayansi wawili wa Budapest, Miklós Tegze na Gyula Faigel, walitangaza kwamba wamefanya holografia kwa eksirei na kuona mahali zilipo atomu ndani ya fuwele.

Namna yake ni hii. Atomu iliyopigwa inapotoa mionzi, sehemu moja huenda moja kwa moja kwenye kipimo. Sehemu nyingine hugonga kwanza atomu jirani. Mawimbi hayo yakikutana, pengine huongezana, pengine hufutana. Kompyuta husoma mchoro huo na kuonyesha jirani yupi amekaa wapi, juu, chini na kando.

Njia ya zamani, iliyotokana na ugunduzi wa Max von Laue mwaka 1912, hutoa wastani wa fuwele nzima. Ni kama sensa ya mji: itakuambia watu wangapi kwa nyumba, lakini haitakuambia yule aliyerejea jana kutoka uhamishoni amepata kiwanja gani, na kama majirani wamesogea kumpa nafasi. Holografia hujibu swali hilo la pili. Katika vifaa vya elektroniki, atomu chache ngeni zikikaa mahali pake, kifaa hufanya kazi. Zikikaa kwingine, huharibika.

Alama inayotafutwa ni dhaifu, kama sehemu moja kwa elfu ya mionzi yote. Ndiyo maana kazi hii hufanywa zaidi kwenye sinkrotroni, mitambo mikubwa ya duara kama SPring-8 ya Japani, iliyofunguliwa mwaka 1997. Jordan ilizindua mtambo wake wa SESAME mwaka 2017, ambako Misri, Iran, Israeli na Palestina ni wanachama pamoja. Bara letu halina hata mmoja.

Hapa ndipo ninapoona kasoro katika mijadala ya kanda yetu. Tangu Azimio la Lusaka la mwaka 2010, nchi za Maziwa Makuu zinazungumza juu ya vyeti na lebo za mifuko. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, huko Kivu Kaskazini, na mwaka 2025 Kinshasa na Kigali zilitia saini mkataba mjini Washington. Kote huko swali ni nani anashika shimo na nani anashika barabara. Sijasikia swali la nani anashika kipimo.

Holografia haitamwambia afisa wa mpakani mfuko umetoka mgodi gani. Lakini ni elimu ya aina hiyo inayoamua jiwe litakuwa nini baada ya kutoka kwetu, na kwa faida ya nani. Kama Waarabu, Waisraeli na Wairani wameweza kuchangia mtambo mmoja, majirani wanaogombana kwa sababu ya madini wanashindwaje kuanza na maabara moja ya pamoja, ambako muuzaji anaweza kupeleka sampuli na kupata jibu lisilo la mnunuzi?

Kwa leo, ndugu mfanyabiashara, saga sampuli yako, ikaushe, igawe mara mbili, upimishe pawili na uandike majibu. Mali bila daftari hupotea bila habari.