Yuniti ya 76: Msitufundishe Kubana Matumizi, Shusheni Bei

Kila Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, hotuba ni ileile. Mheshimiwa anashuka kwenye V8 ambayo hata injini haijazimwa, anapanda mti mmoja, anapigwa picha, halafu anawageukia akina mama: acheni mkaa, mnaharibu mazingira, tumieni nishati safi. Makofi. Anaondoka.

Sisi vijana wa Mzinga tunasema hivi: somo tumelielewa zamani. Anayerudia mtihani ni serikali.

Hivi kuna mtu anayebana nishati kama mama wa mtaani kwetu? Maharage analoweka tangu usiku. Chai anapika mara moja, anajaza chupa, inanyweka hadi jioni. Mkaa uliobaki anauzima kwa maji, anauanika, kesho unawaka tena. Mtoto akiacha taa inawaka mchana anajua kitakachompata. Haya hakufundishwa kwenye semina yenye posho. Amefundishwa na bei.

Na hasara ya mkaa tunaijua vizuri tu. Mto Mzinga unashuka kutoka Uluguru unaingia Bwawa la Mindu, na Mindu ndiyo tegemeo la mabomba ya Manispaa ya Morogoro. Mlima ukivuliwa nguo, iwe kwa mkaa, kwa moto au kwa mashamba ya mteremkoni, tope linashuka bwawani na wa kwanza kuumia ni sisi. Dar nao wasicheke, Mto Ruvu unaanzia milima hiihii. Kwa hiyo hatuutetei mkaa. Tunauliza kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayekohoa moshi wake kila siku, bado anaununua.

Jibu liko kwenye LUKU. Twende na hesabu.

Mteja mdogo wa nyumbani, yule wa kundi la D1, analipa shilingi 100 kwa kila yuniti katika yuniti 75 za kwanza za mwezi. Weka VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inakuwa shilingi 122. Yuniti 75 zote ni shilingi 9,150. Hapo hatulalamiki. Ila ukigusa yuniti ya 76, bei inaruka hadi 350, na pamoja na makato ni 427. Ukizoea kuvuka, unahamishiwa T1: shilingi 292 kuanzia yuniti ya kwanza, yaani 356 na makato yake.

Sasa chukua nyumba yenye friji kuukuu linalokula yuniti moja kwa siku. Hizo ni 30 kwa mwezi. Mama akikubali hotuba ya mheshimiwa, akaanza kupikia umeme yuniti moja na nusu kwa siku, hizo ni 45. Jumla 75. Taa bado, feni bado, simu bado. Akifika yuniti 100 akiwa T1, analipa shilingi 35,624. Jirani yake aliyebaki na mkaa, akatumia yuniti zake 70, analipa shilingi 8,540. Jamani, hapo nani anapewa zawadi na nani anapewa adhabu? Serikali inasema "acha mkaa" kwa kipaza sauti, halafu inasema "usiuache" kwa bei.

Wasituambie umeme hakuna. Mkoa huu una Kidatu, megawati 204, tangu 1975. Una Kihansi, megawati 180, mpakani na Iringa. Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, limekaa kati ya Morogoro na Pwani. Machi 2024 tukatangaziwa kwamba vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi matumizi. Umezidi! Wakati huohuo magunia ya mkaa yanapita barabarani kwa pikipiki usiku na mchana. Anayesema bei ikishuka TANESCO itapata hasara, atueleze mtambo uliozimwa unaingiza shilingi ngapi.

Tusisahau mitungi. Ni kweli, kupitia REA mitungi ya kilo 6 imeuzwa kwa ruzuku ya asilimia 50, na hilo si baya. Lakini ruzuku ni ya siku moja, gesi inaisha kila mwezi. Mkaa unapimiwa kwa kopo la leo, gesi inataka hela ya mtungi mzima kwa mkupuo. Mama ntilie anayeshika hela kwa siku atazitoa wapi? Ndo maana mitungi mingi iliyogawiwa mikutanoni sasa ni viti vya kukalia, huku jiko la mkaa likiwaka pembeni.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Lengo zuri. Haliwezi kufikiwa kwa kuwagombeza wapishi. Tunadai mambo matatu:

Moja, kikomo cha bei nafuu kipande kutoka yuniti 75 hadi 150, na anayepikia umeme asihamishiwe T1.

Mbili, majiko ya presha ya umeme yakopeshwe na kulipwa kidogokidogo kupitia LUKU, yafike mitaani, yasiishie kwenye mabanda ya Nane Nane. Sufuria moja ya maharage kwenye jiko hilo haifikishi hata yuniti moja.

Tatu, gesi ya mita inayolipiwa kwa simu kadiri unavyotumia, iliyokwishaanza Dar, iletwe na Morogoro.

Makamanda, na sisi kazi tunayo. Diwani na mbunge wakija kuomba kura, msiwaulize wametoa mitungi mingapi. Waulizeni wamesema nini kuhusu yuniti ya 76. Nendeni kwenye mikutano ya mtaa na risiti zenu za LUKU, someni hesabu kwa sauti, ziandikwe kwenye muhtasari. EWURA wakiitisha maoni ya bei, twende kwa wingi.

Mkaa utaachwa siku utakapokuwa ghali kuliko umeme. Bei ya umeme haipangwi na mama wa Mzinga. Inapangwa na wanaomhutubia.