Bustani ya Nyumbani: Tusimuue mlinzi



Msimu uliopita tulipanda mistari minne ya maharagi nyuma ya nyumba yetu, ili watoto wapate majani ya mboga na baadaye mbegu. Yalipokaribia kutoa maua, vidukari weusi walijaa kwenye ncha changa, na majani yakaanza kujikunja. Katikati yao walitembea wadudu wengine wachache, wakubwa kidogo, weusi wenye madoa ya manjano, wenye sura ya kutisha. Sisi tunaofundisha wengine tukawaita watoto, tukawaambia: «Hawa wakubwa ndio waharibifu. Waueni!» Watoto wakatii. Haukupita muda mrefu, vidukari wakafunika mashina yote, na maharagi yale hatukuyavuna.

Ndipo tulipotambua kosa letu. Wadudu wale walikuwa watoto wa yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye wanafunzi hupenda kumtembeza mkononi. Mtoto hafanani na mzazi wake, lakini chakula chao ni kimoja, nacho ni vidukari. Mtoto mmoja huweza kula mamia kabla hajakomaa. Tuliua walinzi, tukawaacha wezi. Na wezi hao huongezeka upesi: kidukari jike huzaa pasipo dume, na binti zake huanza kuzaa baada ya siku chache tu.

Basi, akina mama na akina baba, tufanyeje?

Kwanza, tuzuru bustani kila asubuhi na kugeuza majani, kwa maana wadudu wengi hukaa upande wa chini. Mayai ya vipepeo kwenye kabichi tuyaponde kwa vidole. Tukikuta mche umekatwa usiku, tufukue udongo kando ya shina: mara nyingi kiwavi mwenye hatia amejikunja pale pale.

Pili, vidukari wakiwa wachache, tuwaponde. Wakiwa wengi, tuyeyushe kijiko kidogo cha sabuni ya kawaida katika litri moja ya maji, tuwanyunyizie jioni, jua likiisha kupungua. Maji hayo huua yule tu anayeloweshwa; kwa hiyo tusiwaloweshe walinzi. Tujaribu kwanza kwenye majani machache, tungoje siku moja. Na kabla ya kupika, tuoshe mboga vizuri.

Tatu, tuwe na hadhari na sumu. Wazee wengi walitumia maji ya tumbako. Lakini sumu yake hupenya ngozi ya mtu, na huweza kumdhuru sana mtoto. Dawa inayouzwa sokoni katika chupa isiyo na maandishi tusiinunue kamwe, wala tusiweke dawa yoyote katika chupa ya kinywaji. Mtoto mwenye kiu hasomi, hunywa. Tena sumu hiyo haichagui: huua mwizi na mlinzi pamoja.

Nanyi wanafunzi, kabla ya kumponda mdudu, mtazameni kwanza anakula nini.

Katika Injili, mwenye shamba aliwazuia watumishi wake wasing'oe magugu kwa haraka, wasije wakang'oa na ngano. Mfano huo tuliufundisha darasani mara nyingi. Nyuma ya nyumba yetu wenyewe tuliusahau.